Fungu na Sarafu: Historia ya Bei ya Mboga Barabarani katika Mji wa Dar es Salaam

Wachunguzi wa historia ya biashara katika Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya pembe za ndovu, karafuu, katani na kahawa. Vitu hivyo vilipita forodhani, vikapimwa kwa frasila, vikaandikwa daftarini. Kwa hiyo habari zake zimehifadhika. Mchicha haukupita forodhani. Mwanamke aketiye kando ya njia na mafungu yake ya nyanya juu ya gunia hakuwa na daftari, wala hapakuwa na karani wa kumwandikia. Hata hivyo, bei yake ndiyo iliyoamua kila jioni wenyeji wa mji watakula nini na ugali au wali wao.

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba historia ya bei hiyo haikupotea. Imo katika lugha: katika majina ya sarafu, katika majina ya vyombo, na zaidi katika sarufi ya maneno yasemwayo na mnunuzi na mwuzaji. Tukiyafuata maneno hayo twafika kwenye kanuni moja, ambayo nitaieleza kwanza na kuithibitisha baadaye: katika uchuuzi wa mboga bei husimama, na kiasi ndicho kiendacho. Mchuuzi hapangi bei, hupanga fungu. Asiyeijua kanuni hii atamwona mchuuzi kuwa mdanganyifu asiyetaka mizani, na, ambalo ni baya zaidi, ataandika historia ya bei za chakula isiyo ya kweli.

Ushahidi wa sarufi

Tuanze na swali la mnunuzi. Aendaye kununua nguo au kiti huuliza, “Bei gani?” au “Kiasi gani?” Aendaye kununua mboga huuliza aghalabu, “Nyanya unauzaje?” Kiambishi -je hakiulizi idadi ya fedha, chauliza namna. Na jibu huja likiwa na mambo mawili pamoja: “Fungu mia tano.” Mchuuzi akisema “mia tano” peke yake huku akionyesha kwa mkono, mkono umechukua mahali pa neno fungu. Jibu lisiloonyesha fungu si jibu.

Ushahidi wa pili ni kihusishi -a. Mnunuzi husema, “Nipe mchicha wa mia mbili,” au, “Nifungie bamia za mia tano.” Hapa bei imekuwa sifa ya kitu chenyewe, kama tusemavyo nguo ya hariri au maji ya kisima. Fedha imetajwa kwanza na mwenye fedha. Kilichobaki ni mchuuzi kuikatia kiasi chake. Twaweza kusema ya kwamba mnunuzi ndiye aliyetaja bei na mchuuzi ndiye aliyejibu kwa mboga.

Ushahidi wa tatu ni kitenzi kitumiwacho katika kupatana. Kwa mwuza nguo twasema, “Nipunguzie.” Kwa mwuza mboga twasema, “Niongezee.” Vitenzi viwili hivi ni kinyume, lakini shabaha ya mnunuzi ni moja, yaani kupata zaidi kwa fedha yake. Tofauti ni kwamba katika nguo kitu hakikatiki, basi bei hukatwa. Katika mboga bei haikatiki, basi kitu huongezwa. Hiyo ndiyo asili ya nyongeza: nyanya moja au mbili, au kijiti cha mchicha, ambavyo mnunuzi huviomba kwa kuita “mama” au “dada”, na mchuuzi huvitoa kwa kusema, “Haya mwanangu, chukua.” Majina haya ya jamaa si maneno ya adabu tu. Yanaitoa nyongeza katika hesabu ya mauzo na kuiweka katika hesabu ya ujirani, ili kesho mnunuzi asije akaidai kama haki yake.

Neno lenyewe fungu lastahili kuangaliwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yalipa maana ya chungu la vitu, maana ya sehemu au hisa, na maana ya mchanga ulioinuka baharini. Wavuvi wa Dar es Salaam wanayo Fungu Yasini karibu na mji wao. Katika mirathi kila mrithi ana fungu lake, na Wakristo hutoa fungu la kumi. Basi fungu la nyanya si rundo tu. Ni sehemu iliyokatwa kwa ajili ya mtu fulani, nayo imewekwa wazi mbele ya macho ya wote kabla mtu huyo hajafika.

Vipimo vya mkono na vipimo vya chombo

Watu wa pwani walikuwa na vipimo vingi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Bidhaa nzito zilipimwa kwa ratili na frasila, na frasila ilikuwa yapata ratili 35. Nguo ilipimwa kwa shubiri, dhiraa na pima. Lakini majani hayakai katika pishi. Ukiyashindilia yanapondeka, na usipoyashindilia unauza hewa. Kwa hiyo mboga zilibaki katika vipimo vya mkono: konzi, ukufi, chopa, kicha. Vipimo hivyo hutofautiana kwa ukubwa wa kiganja cha mtu, na kila mtu alijua hivyo. Haikuwa siri.

Kibaba kimetoweka sokoni siku nyingi, kimebaki katika methali ya haba na haba. Mahali pake na pa pishi palichukuliwa na vyombo ambavyo havikufanywa kuwa vipimo. Debe, neno lililotoka Bara Hindi, lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4. Mafuta yalipokwisha, bati lilipimia mahindi, maharage na viazi. Baadaye likaja kopo, na baada yake sado, ambalo ni ndoo ndogo ya rangi ya nyumba ya lita 4, nalo lilipewa jina lake na rangi ya Sadolin. Msomaji ataona ya kwamba mambo hayakubadilika: zamani hizo watu walipokea chombo cha mgeni kilichokwisha kazi yake, wakakipa kazi ya pili na jina la Kiswahili. Vyombo hivi vyote hupatikana kila mahali na vyote ni sawasawa, kwa kuwa vimetoka kiwandani; basi mnunuzi hahitaji karani wa vipimo ili avisadiki.

Lakini sado na debe ni vipimo vya katikati. Huko juu, penye jumla, twakuta tenga la nyanya na gunia la viazi au vitunguu. Huku chini, barabarani, twakuta fungu. Kazi yote ya mchuuzi ni kulivunja tenga liwe mafungu.

Sarafu iliyopanga fungu

Ikiwa bei husimama, husimama juu ya nini? Husimama juu ya sarafu. Fungu si bei ya mboga iliyogawanywa. Ni sarafu iliyogeuzwa kuwa mboga. Kwa sababu hii kila mabadiliko ya fedha katika nchi hizi yaligusa fungu kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wakubwa wa pwani walihesabu kwa riale ya Maria Theresa, kisha kwa rupia ya Bara Hindi. Riale moja haikufaa kununulia mboga, ilikuwa mali. Kilichofaa ni pesa, sarafu ndogo ya shaba ambayo jina lake latoka katika paisa ya Kihindi. Sayyid Barghash alitoa pesa zake mwenyewe Unguja mwaka 1882. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Neno ambalo lilikuwa jina la sarafu ndogo kuliko zote leo ndilo jina la fedha yote, na sababu si ngumu kuiona: watu wengi waliijua fedha kwa sura hiyo tu.

Katika sehemu iliyotawaliwa na Wajerumani jambo hilo lilitokea mara ya pili. Mwaka 1904 serikali yao iliiacha hesabu ya pesa 64 ikaigawa rupia katika heller 100. Mtu aliyezoea fungu la pesa moja alikuta ya kwamba pesa yake ni heller moja na nusu na zaidi kidogo, kiasi ambacho hakina sarafu. Serikali ilitoa hata nusu heller, lakini hesabu haikulingana. Hapakuwa na njia ila mafungu kupangwa upya: ama dogo la heller moja, ama kubwa la heller mbili. Wajerumani waliondoka, heller zikayeyushwa au zikapotea, bali neno hela limebaki vinywani mwa watu wa Tanzania Bara, nalo pia limepanda cheo kutoka sarafu ndogo hata fedha kwa jumla.

Waingereza walipoanzisha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, rupia ilifuatwa na florini mwaka 1920, na florini ikafuatwa na shilingi mwaka 1921, shilingi mbili kwa florini moja. Florini ilikuwa na senti 100, na shilingi nayo ikawa na senti 100. Maana yake ni kwamba senti ilipoteza nusu ya thamani yake, na jina halikubadilika. Kwa tajiri mwenye noti hili lilikuwa jambo la hesabu. Kwa mwenye kununua kwa senti lilikuwa jambo la chungu: ama fungu lipungue nusu, ama atoe senti mara mbili.

Neno thumuni lina ushuhuda wa kipindi hicho. Thumuni ni sehemu ya nane. Kwa nini basi senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi, ziitwe sehemu ya nane? Kwa sababu watu hawakuhesabu kutoka katika shilingi; waliendelea kuhesabu kutoka katika riale. Riale ilichukuliwa kuwa rupia mbili, rupia ikawa shilingi mbili, basi riale ni shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti 50. Riale ilikuwa imekwisha toka sokoni, lakini kipimo chake kilikuwa bado kimo vichwani, na mafungu yalipangwa kwacho. Unguja, ambako rupia iliendelea kutumika hata mwaka 1936, mabadiliko haya yalichelewa.

Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, zilikuwa za senti 5, 20 na 50, na shilingi moja. Baadaye ikaja sarafu ya shilingi 5, iliyoitwa dala, ambayo iliyapa magari ya abiria jina lao la daladala. Baada ya shilingi kushuka thamani sana katika miaka ya 1980 na 1990, senti ziliacha kununua kitu. Leo mafungu hupangwa kwa sarafu za shilingi 100, 200 na 500, na kwa noti ya 1,000; vijana huita 500 jero na 1,000 buku. Ngazi ni zile zile, bali vidato vimepanda.

Hesabu ya siku moja

Yafaa sasa tuone kanuni hii ikifanya kazi. Mboga za mji huu hutoka mbali na karibu: nyanya za Ilula katika Iringa, kabichi na karoti za Lushoto, vitunguu vya Singida, na mchicha wa mabonde ya mjini, kama Msimbazi, ambako mchuuzi hununua tuta zima likiwa bado shambani. Shehena za magari hupokewa na dalali alfajiri, naye huziuza kwa jumla. Mchuuzi hununua kwa fedha taslimu, au kwa mali kauli, yaani huchukua mali kwa neno lake na kulipa jioni. Jina hili lasema kweli: rehani ni kauli.

Tuseme mchuuzi amenunua ndoo ya nyanya kwa shilingi 10,000 na kulipa 500 ya kubebesha. Azihesabu: nyanya 120. Azichambua: 60 kubwa, 40 za kadiri, 20 laini. Bei ya fungu hakuichagua. Ni sarafu ya 500 ambayo wateja wake hufika nayo. Nyanya kubwa azipanga nne nne, apate mafungu 15. Za kadiri tano tano, mafungu 8. Laini kumi kumi, mafungu 2. Yote ni mafungu 25, nayo ni shilingi 12,500. Mafungu 21 ya kwanza hurudisha mtaji. Faida yote imo katika mafungu manne ya mwisho.

Hapa ndipo saa iingiapo katika bei. Mafungu manne ya mwisho ndiyo yabakiayo jioni, na jua limekwisha yapiga. Mchuuzi hawezi kusema “mia nne na thelathini”, maana chenji haipo na mteja hana subira. Aunganisha mafungu: mawili yawe moja kwa sarafu ile ile. Akikataa, kesho nyanya zitakuwa zimelala, na kitu kilicholala kina bei ya kulala. Asubuhi, kinyume chake, humpa mteja wa kwanza kwa wepesi, kwa kuwa huyo amemfungulia biashara. Wahenga walisema biashara haigombi, na wachuuzi wa leo husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Semi hizi mbili zikiwekwa pamoja zaeleza mwendo wa bei ya mboga kutoka mapambazuko hata magharibi.

Mchuuzi na mlanguzi

Serikali mbalimbali hazikumtazama mchuuzi kwa jicho hili. Wakati wa ukoloni halmashauri ya mji ilitaka mboga ziuzwe ndani ya soko, penye ushuru na ukaguzi. Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, pakawa kitovu cha biashara hiyo, na jengo kubwa la soko lililobuniwa na Beda Amuli likafunguliwa hapo mwaka 1975. Lakini mnunuzi wa fungu moja hawezi kupanda gari kwenda Kariakoo kwa ajili ya nyanya nne. Nauli itazidi nyanya. Ndiyo maana genge la mtaani halikufa.

Mwaka 1983 mambo mawili yalikutana: msako wa wahujumu uchumi na Sheria ya Nguvukazi. Neno mlanguzi likawa laana. Tukilitazama tendo lenyewe, kulangua ni kununua kwa jumla na kuuza kwa bei ya juu. Na mwuza nyanya afanya hivyo hivyo kila siku. Lakini watu wa mitaani hawakumwita mlanguzi. Walimwita mchuuzi, na lugha ilikuwa na sababu. Mlanguzi huficha: huweka sukari au sabuni stoo hata bei ipande. Mboga haifichiki. Anayeificha nyanya huitupa. Wakati wenyewe umemkataza mchuuzi ulanguzi kabla sheria haijatungwa.

Tofauti hii yaonekana vilevile katika lumbesa, gunia lililoongezwa kilemba juu ya mdomo wake, ambalo sheria ya vipimo yalikataza. Kanuni ni ile ile: bei ya gunia imesimama na kiasi kimeongezwa. Lakini lumbesa hutokea shambani, ambako mkulima ana mnunuzi mmoja na gari moja, na kiasi kimeshonewa ndani ya gunia. Fungu liko wazi. Mnunuzi huona nyanya zote nne, huzigeuza, na hatua tatu mbele kuna fungu la jirani la kulinganishia. Kiasi kinachokwenda kikiwa wazi ni mapatano; kikiwa kimefichwa ni dhuluma. Sheria iyawekayo yote mawili katika kapu moja haijasikiliza maneno ya watu.

Tangu hapo hali ya wachuuzi imekwenda mbele na nyuma. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwapa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mwaka 2021 wengi waliondolewa kando ya barabara kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Mizani ya kilo imeenea sokoni, na simu imekuwa mfuko wa fedha. Fungu bado lipo.

Yampasayo mchunguzi

Sasa narudi kwenye hatari niliyoitaja mwanzo. Chakula kikipanda bei, fungu hukonda. Nyanya tano huwa nne, nne huwa tatu, na mtu aandikaye bei ataandika ile ile ya juzi, kwa kuwa sarafu ni ile ile. Fungu likifika mwisho wa kukonda, bei huruka ghafula hata sarafu ifuatayo, kutoka 100 hata 200, na siku hiyo mchuuzi hurudisha nyanya moja au mbili ili uso wa fungu usitishe. Anayesoma orodha ya bei peke yake ataona miaka ya utulivu na siku moja ya msiba. Kumbe msiba ulikuwa ukiingia nyanya moja moja, na utulivu haukuwapo.

Kadhalika, kila sarafu ndogo inapotoweka, fungu dogo kuliko yote hutoweka nayo. Mjane apikaye chungu kimoja hulazimika kununua fungu la watu wanne, au kuchangiana na jirani. Hasara hiyo haionekani katika hesabu yoyote ya taifa, bali yaonekana katika lugha: ndilo jina la sarafu lisilotamkwa tena.

Kwa hiyo naona yatupasa mambo mawili. Kamusi zetu ziyaingize maneno ya genge, kama sado, tenga, lumbesa, mali kauli, kulala kwa mboga na kufungua biashara, kwa maana zake za kazi na si kwa visawe vya haraka. Na mtafiti atakayekwenda kuuliza bei ya mboga, aidha awe wa historia, wa uchumi au wa lugha, asiandike “fungu, shilingi 500” akafunga daftari. Ahesabu na nyanya.